Humidori kubwa isiyokufilisi: kuichagua, kuitayarisha na kuijaza

Kabati la siga la mbao zilizopigwa vanishi, lenye kioo mbele na tarakimu za buluu zinazowaka mlangoni, huuzwa kwa macho. Siga yenyewe haina macho. Inachotaka ni unyevu wa hewa wa asilimia 65 hadi 69, joto la nyuzi 18 hadi 21, giza, na vipimo visivyopanda na kushuka kila mara. Chombo chochote kinachoziba sawasawa kinaweza kuipa hayo. Ndiyo maana deli la barafu la lita 60, la aina wanayobeba wauza aiskrimu au watu wa pikiniki, hutunza siga 250 vizuri kuliko makabati mengi ya bei mbaya.

Kwa siga tunamaanisha tumbaku nene iliyosokotwa kwa majani matupu, si sigara ya karatasi. Humidori ni chombo cha kuitunzia. Mwongozo huu unamfaa mwenye siga mia na zaidi, au anayenunua kwa boksi na kuziacha zikae miaka. Kama unazo kumi, kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira na pakiti moja ya unyevu (kifuko kinachotoa na kumeza unyevu) vinatosha, usijisumbue.

Kwanza ijue hewa ya kwako

Maelekezo mengi ya humidori yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Huko wakati wa baridi nyumba hupashwa moto, na unyevu wa ndani unaweza kushuka chini ya asilimia 30, hivyo kazi yao yote ni kuongeza maji. Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja akiyafuata neno kwa neno atavuna ukungu.

Sababu ni hesabu ndogo. Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi 30, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kushika gramu 30 hivi za maji. Kwenye nyuzi 18 ni gramu 15 tu. Sebule ya Dar yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 ina gramu 23 hivi katika kila mita ya ujazo. Fungua hapo kabati lililopozwa hadi nyuzi 18: hewa inayoingia haiwezi kushika zaidi ya 15, na gramu nane zilizobaki lazima zipate pa kukaa. Kwa kabati la lita 60 hiyo ni nusu gramu kwa kila ufunguzi. Ukilifungua mara sita kwa siku kuonyesha wageni, umeingiza gramu tatu za maji, na zitatua kwenye kuta, kwenye mbao na kwenye siga.

Kwa hiyo pwani adui ni joto na maji yaliyozidi. Nairobi au Bukavu joto halisumbui sana; deli lililowekwa sakafuni kwenye kabati la ndani, mbali na ukuta unaopigwa na jua, hujitosheleza. Muscat na Dubai nje ni tanuri, lakini ndani kiyoyozi hupoza hewa na kuikausha pia. Huko tatizo huanza siku unapokizima ukasafiri. Aliye Toronto au Oslo ana hewa kavu ya miezi mitano, na yeye ndiye maelekezo ya kawaida yaliandikiwa.

Kabla ya kununua chochote kikubwa, nunua kipima unyevu cha dijitali chenye kipimajoto, ukiweke mahali chombo kitakapokaa. Kisome kwa wiki nzima: asubuhi, saa tisa alasiri, na kabla ya kulala. Joto la juu kabisa likibaki chini ya nyuzi 24, deli litakutosha. Likivuka 25 siku nyingi, unahitaji chombo kinachopoza, au chumba chenye kiyoyozi. Usijaribu ujanja wa kuweka chupa ya barafu ndani ya deli: hewa inayoizunguka hupoa ghafla, maji hutona, na boksi lililo jirani yake huloa.

Chombo kipi

Makabati ya mbao yenye milango mirefu hupendeza, lakini mlango mrefu wa mbao hupinda, na penye mpindo ndipo hewa inapopita. Yale ya bei nafuu mara nyingi hayana mpira kabisa kwenye ukingo. Kioo chake kimegundishwa kwa gundi peke yake, na baada ya mwaka mmoja wa joto gundi huachia kona. Ukilitaka kwa sababu ya sura, ni haki yako. Ila tenga fungu la mpira wa kuzibia na silikoni, na usiamini idadi iliyoandikwa kwenye tangazo. "Siga 300" huhesabiwa kwa siga nyembamba zilizopangwa bila hata nafasi ya kidole. Kwa robusto, yaani siga ya urefu wa milimita 124 na unene wa milimita 20 hivi, punguza theluthi moja. Ukitunza siga ndani ya maboksi yake, punguza nusu.

Deli la barafu ndilo chaguo la kwanza kwa asiye na tatizo la joto. Kuta zake zina povu la sentimita mbili au tatu, hivyo joto la nje huingia polepole, na umeme ukikatika halijali. Boksi la siga 25 huchukua kati ya lita mbili na nusu na tatu. Deli la lita 60, ukiacha theluthi moja wazi kwa ajili ya hewa, linabeba maboksi 12 bila kubanana. Chukua lenye umbo la mstatili ulionyooka; yaliyopinda kuelekea chini hupoteza nafasi nyingi kwenye kona.

Friji ya mvinyo ndilo jibu la pwani. Zipo za aina mbili. Ya kompresa hupoza kwa nguvu, lakini kila kompresa inapowaka maji huganda au kutona kwenye bati la nyuma, unyevu unashuka, kisha inapozima unapanda tena. Ile isiyo na kompresa, inayopoza kwa kibati cha umeme na feni mbili, hufanya kazi kwa upole na haitetemeki, ila nguvu yake ina kikomo: hushusha joto nyuzi 10 hadi 12 tu chini ya joto la chumba. Chumba cha nyuzi 32 kitakupa nyuzi 20 au 21 ndani, na feni zikizunguka mchana kutwa. Inatosha. Iachie nafasi ya sentimita 10 nyuma ili joto litoke, la sivyo itahangaika bure. Friji ya chupa 28 ina lita 70 hadi 80.

Friji za mtumba ni nafuu sana, na hapa wengi huumia. Iliyotoka Uingereza au Dubai hutumia umeme wa volti 220 hadi 240 kama wa kwetu, na plagi yake ya pini tatu bapa huingia moja kwa moja. Iliyotoka Marekani ni ya volti 110 hadi 120. Ukiichomeka tu, umeiua. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa. Kisha vuta pumzi ndani yake. Friji iliyowahi kuhifadhi samaki haioshwi ikakubali.

Vipimo vya dukani

Beba kipande cha karatasi na simu yenye tochi. Fungia karatasi kwenye ukingo, mfuniko ukiibana, halafu ivute. Ikitoka kwa ukinzani, pazuri. Ikiteleza kama noti kwenye pochi, hapo panavuja. Rudia kwenye kona zote nne na katikati ya kila upande, maana mifuniko ya bei rahisi huziba kona na kuachia katikati. Kisha washa tochi, weka simu ndani, funga, uangalie kuzunguka ukingo mahali pa giza. Muuzaji atakushangaa. Mwache ashangae.

Madeli mengi hayana mpira. Mfuniko hukalia plastiki juu ya plastiki. Si sababu ya kuliacha, kwa kuwa utepe wa sponji wa kubandika milangoni, wa unene wa milimita tano, hurekebisha hilo. Lililopinda mfuniko ndilo la kuachwa.

Mbao: hapa jina linadanganya

Mbao ya ndani ya maboksi ya siga ni Cedrela odorata, mti wa Amerika ya Kati na Karibi. Watu huuita mwerezi wa Kihispania, ingawa si mwerezi hata kidogo: ni wa familia moja na mkangazi. Hupendwa kwa sababu hunyonya na kurudisha unyevu bila kupinda sana, na harufu yake haigombani na tumbaku. Afrika Mashariki upo. Ulipandwa na wakoloni kwa ajili ya mbao, na katika msitu wa Kimboza, Morogoro, umesambaa hadi kuwa tatizo kwa miti ya asili. Kwa hiyo si lazima uagize vibao vya bei ya dhahabu kutoka ng'ambo; muulize fundi seremala mwenye uzoefu kama anaweza kukupatia sedrela iliyokauka vizuri.

Mtego ni huu. Kenya ukienda kwenye duka la mbao ukaomba mwerezi, utapewa mtarakwa, ambao wengine huuita mwangati. Huo ni Juniperus procera, mti wa nguzo za ua na wa penseli. Mafuta yake ni makali na yatahamia kwenye siga zako zote, nazo zitaonja penseli mpaka mwisho. Kipimo ni pua: kwangua kidogo kwa kisu. Ukisikia harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, rudisha. Sedrela hunukia kama boksi la siga lenyewe, utamu wenye pilipili kwa mbali. Mkulo nao usiuguse, una harufu ya kafuri. Msonobari hutoa utomvu. Ukikosa sedrela, mkangazi mkavu usiopakwa chochote unafaa.

Na ukikosa vyote, usihangaike. Siga zikikaa ndani ya maboksi yake ya asili, mbao ya kutosha tayari imo humo. Deli la plastiki lenye maboksi 12 halihitaji ubao wa ziada ila vijiti viwili vya kuyainua kutoka chini.

Ukitengeneza trei, tumia vibao vya unene wa milimita sita, uache pengo la milimita nane kati ya kimoja na kingine, na miguu ya sentimita mbili ili hewa ipite chini. Piga msasa laini. Usipake vanishi, rangi wala mafuta, na kwa viungio tumia misumari midogo badala ya gundi. Sedrela ambayo haijakauka vizuri hutoa matone ya utomvu unaonata. Yafute kwa kitambaa chenye spiriti, uache ubao kivulini wiki moja, uangalie kama yanarudi.

Kipima unyevu hakiaminiki mpaka kipimwe

Vile vya mshale, vinavyokuja bure na makabati, viache viwe pambo. Nunua vya dijitali viwili, kimoja cha juu na kimoja cha chini, kisha uvipime kwa chumvi.

Chukua kizibo cha chupa ya maji. Jaza chumvi ya mezani hadi ukingoni. Dondoshea maji tone moja moja, ukikoroga kwa kijiti, mpaka chumvi ifanane na mchanga wa ufukweni wimbi linapoondoka: umelowa, umeshikana, lakini hakuna dimbwi juu. Ikiwa uji, umezidisha, ongeza chumvi. Weka kizibo na vipima vyote viwili ndani ya mfuko wa zipu, acha hewa kidogo, funga, uweke mahali ambapo joto halibadiliki. Acha kwa saa 24. Hewa iliyo juu ya maji yaliyoshiba chumvi hutulia kwenye asilimia 75, iwe chumba kina nyuzi 20 au 30, kwa hiyo hapo ndipo kipima kinapaswa kusoma. Soma kupitia mfuko, bila kuufungua. Kikisoma 71, andika "+4" kwenye kibandiko nyuma yake, na kila usomapo ongeza nne. Kikikosea zaidi ya saba, kitupe.

Kipimo cha pili: weka kipima hicho hicho kwenye mfuko safi pamoja na pakiti mpya ya unyevu ya asilimia 65 kwa siku moja. Ukiongeza marekebisho yako, unapaswa kupata 65 au karibu yake. Kuna vipima vilivyo sahihi kwenye 75 na vinavyopotoka kwenye 65, na huko chini ndiko utakakoishi.

Kitu cha kushika unyevu

Pakiti za Boveda na za aina yake zina maji yaliyoshiba chumvi nyuma ya utando unaopitisha mvuke tu. Hutoa unyevu hewa ikikauka na kuumeza ikizidi. Kanuni ya mtengenezaji ni pakiti moja ya gramu 60 kwa kila siga 25 ambazo chombo kinaweza kubeba, si ulizonazo leo. Deli letu la siga 250 hadi 300 linahitaji pakiti 10 hadi 12, au mbili kubwa za gramu 320. Ndani ya plastiki iliyoziba vizuri hata nusu ya hizo hufanya kazi, ila zitachoka mapema.

Namba ya kuchagua hutegemea chombo. Kabati la mbao huvuja kidogo na mbao hunywa, hivyo pakiti ya 69 itakupa 66 hivi. Plastiki haivuji wala hainywi, kwa hiyo ukitia 69 utapata 69, na wengi huona siga inawaka kwa shida. Kwenye deli na kwenye friji tumia 65.

Njia nafuu zaidi kwa chombo kikubwa ni shanga za silika zilizotengenezwa kwa asilimia 65. Nusu kilo inatosha friji ya lita 80. Zikiwa kavu ni nyeupe, zikilowa huwa angavu kama kioo. Bara unazinyunyizia maji mpaka theluthi mbili ziwe angavu. Pwani zitie zikiwa kavu kabisa, zitajinywesha zenyewe.

Maji yawe yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena. Petroli stesheni huyauza kama maji ya betri, lakini soma chupa mara mbili: asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo, kwenye chupa inayofanana. Maji ya bomba huacha chokaa na kuziba shanga. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamepita kwenye vumbi na ukungu, usiyaingize humu hata kama ni ya bure.

Kazi yenyewe, deli la lita 60

Siku ya kwanza, osha kwa maji vuguvugu lita tano yenye vijiko vinne vya chakula vya soda ya kuokea. Soda ya kuokea, si magadi ya maharage. Sabuni yenye manukato na dawa ya kufanyia nguo nyeupe visikaribie. Suuza mara mbili, futa, liache wazi kivulini siku tatu, au tano kama ni jipya na linanuka plastiki. Kisha weka bakuli la mkaa mkavu ndani, funga usiku kucha. Asubuhi fungua na utie pua haraka kabla hewa haijabadilika. Ukisikia chochote, rudia. Siga hunyonya harufu kuliko siagi.

Likishakuwa halina harufu, kaza kizibo cha tundu la maji, ukipake silikoni kwa ndani. Omba silikoni isiyonuka siki, maana ile ya kawaida ya bafuni hutoa mvuke wa siki kwa siku kadhaa. Bandika utepe wa sponji kuzunguka ukingo bila kuacha pengo kwenye maungio. Kata ncha kwa mshazari zipishane. Acha mfuniko wazi wiki moja, kisha rudia kipimo cha karatasi.

Sasa weka trei au vijiti chini, pakiti nusu chini kwenye kona na nusu juu, kipima kimoja juu na kimoja chini. Funga deli likiwa tupu kwa saa 48. Likisoma 64 hadi 66 pande zote mbili, limeiva. Kama juu na chini vinapishana kwa zaidi ya tatu, zisambaze pakiti upya kabla ya kufikiria feni. Feni inahitajika kwenye kabati refu la zaidi ya sentimita 60 tu. Tumia ya kompyuta ya milimita 80, ikizunguka taratibu dakika tano kila saa, na isielekee kwenye siga.

Maboksi yapange kwa mapengo ya kidole kimoja, yasiguse kuta. Fungua kidogo mfuniko wa kila boksi au toa karatasi ya juu. Selofani, yaani karatasi angavu inayofunika kila siga, unaweza kuiacha: hupitisha unyevu polepole na huzuia jani la nje kuchubuka. Usilifungue kwa siku kumi. Vipimo vitayumba siku za mwanzo, kwa sababu siga 250 zenyewe ni hifadhi kubwa ya unyevu.

Ukinunua la mbao

Ulaya husema: weka pakiti za asilimia 84 kwa wiki mbili ili mbao ishibe. Bara wakati wa kiangazi fuata hivyo, na usifute mbao kwa kitambaa chenye maji, kwani hunyanyua nyuzi za mbao na kupasua maungio. Pwani fanya kinyume. Mbao iliyokaa ghalani Dar kwenye unyevu wa 80 tayari imelewa maji. Weka pakiti za 65 peke yake, kabati likiwa chumba chenye kiyoyozi, usubiri wiki mbili hadi tatu vipimo vishuke kufikia 68. Pakiti zikifura na kukaza kama puto, zimeshiba. Badilisha, endelea.

Ukitumia friji

Toa rafu za waya, weka trei. Acha sentimita tatu kati ya boksi na bati la nyuma, maana boksi linaloligusa hulowa upande mmoja na kuota ukungu ambao huuoni mpaka umtoe mwenzake wa mbele. Tundu la kutolea maji nyuma huzibwa na watu wa nchi zenye hewa kavu ili unyevu usipotee. Pwani liache wazi: hilo ndilo linalokutolea maji. Weka nyuzi 18. Kioo cha mlango kifunike kama mwanga wa dirisha unakifikia.

Umeme ukikatika kwa saa nne, usiufungue mlango. Joto likipanda, unyevu wa asilimia hushuka na pakiti hutoa maji kufidia. Shida huja umeme unaporudi: hewa ile iliyoongezwa maji hupozwa ghafla, na unyevu unaweza kuruka juu ya 75 kwa saa kadhaa. Maboksi ya mbao yaliyofungwa hupunguza mruko huo, kwa hiyo mahali penye mgao wa mara kwa mara usipange kwenye trei siga zilizotolewa kwenye maboksi.

Wadudu

Kidudu cha tumbaku, Lasioderma serricorne, ni cha kahawia, urefu wa milimita mbili hadi tatu. Mayai yake huja ndani ya tumbaku kutoka maghalani, na huanguliwa haraka zaidi joto linapokaa juu ya nyuzi 24 hivi. Hicho hicho hula binzari, pilipili na tangawizi kavu, kwa hiyo humidori isikae stoo ya viungo. Isikae pia karibu na nafutalini za kabatini, wala kwenye chumba kinachofukizwa udi na ubani.

Pwani, gandisha kila siga ngeni kabla ya kuichanganya na nyingine. Tia boksi kwenye mifuko miwili ya zipu, kamua hewa, liweke friji ya kawaida siku moja, kisha kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri siku tatu kamili. Umeme ukikatika ukaona barafu inayeyuka, anza kuhesabu upya. Rudisha friji siku moja, kisha chumbani siku moja, na usifungue mfuko mpaka upate joto la chumba, la sivyo umande utatua kwenye majani na kuyapasua.

Ukikuta tundu la mviringo kama lililotobolewa kwa pini, na unga mwembamba chini, toa kila kitu. Zenye matundu tupa nje ya nyumba. Zilizobaki gandisha zote, hata zinazoonekana nzima. Chombo kifute kwa kitambaa chenye spiriti, kipigwe na jua.

Vipimo vikigoma

Vikikwama kwenye 60 wakati pakiti ni za 65, anza na kipima, kisha ukingo, kisha subira. Watu huanza kwa kuongeza maji, na wiki ya pili wanalia ukungu. Vikizidi 72, siga zilifika zimelowa: toa pakiti zote, acha mfuniko wazi saa moja kwa siku ndani ya chumba chenye kiyoyozi mpaka irudi 67. Harufu ya amonia kwenye siga changa ni ya kawaida. Fungua dakika kumi kwa wiki. Pakiti zikikauka na kuwa ngumu kama mkate wa juzi ndani ya mwezi mmoja, chombo kinavuja, hata kama karatasi ilikinza dukani.

Ukungu huwa na manyoya, mweupe au wa kijani na buluu. Ukiwa juu ya jani la nje tu, ufute kwa kitambaa kikavu nje ya nyumba, utenge siga hiyo kwa mwezi. Ukiwa umeingia ncha ya kuwashia, umefika ndani. Siga hiyo imekwisha. Wauzaji wengine watakuambia kila weupe ni dalili ya kukomaa. Wanataka uinunue.

Siga zilizokauka usizitie moja kwa moja kwenye 69, kwa sababu jani la nje hufura kabla ya tumbaku ya ndani na kupasuka kwa urefu. Ziweke wiki tatu kwenye asilimia 60 hadi 62, ndipo uzipeleke 65.

Unaposafiri miezi ya joto, Muscat au Dar, usizime kiyoyozi kabisa. Kiache kwenye nyuzi 24, hamishia deli sakafuni katika chumba hicho, ulifunike blanketi. Weka ndani kipima chenye kumbukumbu ya joto la juu na la chini. Ukirudi, soma hiyo kabla hujagusa siga: ikiwa joto lilivuka 25, kagua kila boksi kama kuna unga.